Cha Kukunja

"Cha kukunja," Bi Radhia alisema kabla fundi hajamaliza kueleza. Bintiye Wafa, mwenye kukikalia kiti hicho, alikuwa hajaulizwa neno.

Fundi alikuwa amewawekea viti viwili vya magurudumu. Kisichokunjwa ni chepesi kusukuma, alisema, na hustahimili mchanga na mashimo ya mitaa ya Malindi. Cha kukunja huwafaa zaidi wenye gari, maana huingia kwenye buti.

"Mna gari, mama?"

"Hatuna."

"Basi mwataka kukikunja kwa nini?"

Bi Radhia alijitia kurekebisha mtandio. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima mbele za watu! Nyumba ni ndogo, alianza kusema, ukumbi wenyewe...

"Ni kwa sababu ya wageni wa posa," Wafa alimjibu fundi, bila kumtazama mamake. "Wakija kumposa mdogo wangu, kiti changu hufichwa nyuma ya kabati. Mimi hulazwa chumbani na kufunikwa leso, na wao huambiwa nina homa."

Uso ulimwaka Bi Radhia.

"Wewe wataka kipi, dada?" fundi akauliza.

Wafa alinyoosha kidole kwenye kile kisichokunjwa.

Fundi alikishika cha kukunja kwenye kitambaa cha kukalia, akakivuta juu, kikawa chembamba kama ubao. Akakisukuma nyuma ya mlango.

Bi Radhia akaona jinsi kilivyotoweka upesi.