Wingu la Kushoto

Virgil mpaka leo anasema kosa lilikuwa la Kendra, Kendra anasema lilikuwa la Virgil, na mimi nawaambia wote wawili wanikome. Kosa lilianza asubuhi, kwenye kituo cha mafuta cha Dorrance, nilipompigia mama simu huku nimejaza mdomo mayai.

"Mama, leo usihangaike. Kimbunga kikija kitapita kaskazini, mbali na kwenu."

"Yule bwana wa hali ya hewa kwenye televisheni anasema tukae tayari."

"Yule anapiga kelele kila siku. Nani anayajua mawingu, yeye au mimi?"

"Haya. Na wewe, Lorna, utapita kwangu?"

"Tutaona, mama. Inategemea na wingu."

Mama yangu, Opal, ana miaka sabini na minane na magoti mabovu. Anaishi peke yake Hobley, maili ishirini tu kutoka pale tulipokuwa tunakula, katika nyumba ya bati iliyoletwa na lori na kutuliwa juu ya matofali. Upepo wa maana ukiipata, haibaki. Handaki lipo nyuma ya nyumba, chini ya ardhi, lakini lina ngazi kumi na mbili, na kuzishuka kwake ni dakika kumi za kuguna na kulaani. Kwa hiyo haingii mpaka nimwambie mimi. Nikisema ingia, anaingia. Nikisema kaa, anakaa kibarazani na kahawa yake kutazama mbingu, maana watu wa Oklahoma ndivyo tulivyo, king'ora cha kimbunga kikilia tunatoka nje.

Basi nikamwambia akae. Halafu nikapanda gari.

Tupo watatu. Virgil ni fundi bomba, ndiye dereva, na gari ni lake, kwa hiyo hashauriki. Kendra anafundisha hesabu, ndiye anayesoma rada kwenye simu. Mimi napiga picha na kugombana nao. Kila Mei tunachukua likizo kufukuza vimbunga, miaka kumi na mmoja sasa, na kila Mei mume wa Kendra anamuuliza kama ana akili timamu.

Saa tisa alasiri wingu likaota upande wa magharibi, likapanda, likapanda, mpaka likaziba jua. Virgil alisimamisha gari kando ya shamba la ngano, tukatoka mbio na kuanza kulibembeleza lishushe kimbunga, maana ndiyo desturi yetu.

"Shuka, mrembo, shuka!" Virgil akapaza sauti. "Usituaibishe mbele za watu!"

"Limesikia sauti yako limeghairi," nikamwambia.

Halikushuka. Lilipasuka. Wingu moja likawa mawili mbele ya macho yetu, la kushoto, kwa jinsi wingu lilivyokuwa linaelekea mashariki, likashika njia ya kaskazini, la kulia likasuasua kusini. Sasa hapa kila mfukuza vimbunga anajua: la kushoto mara nyingi hufa, la kulia ndilo hugeuka na kuwa baya. Anayeanza leo analijua hilo. Na sisi tulilijua.

Lakini Kendra alikuwa ameinua simu. Kwenye ramani yetu ya rada kila mfukuzaji huonekana kama kidoti chenye jina lake, tusije tukagongana kwenye mvua. Vidoti arobaini hivi vilikuwa vinakimbilia la kulia.

"Wote wanaenda kusini," akasema.

"Ndiyo maana mimi siendi," akasema Virgil. Mwaka jana tulikwama saa nzima kwenye msururu wa magari ya wafukuzaji, wengine wamesimama katikati ya barabara wanajipiga picha, na tangu hapo ameapa. "Nife kwenye foleni? Akuu! La kushoto lina umbo zuri. Litazameni!"

Tukalitazama. Kweli lilikuwa na umbo zuri. Nami nikasema, twende. Nilisema, sikatai.

Tulilikimbiza maili kumi na tano kaskazini, mtandao wa simu ukakatika. Likaning'iniza kitu kama mkia, tukapiga mayowe, mkia ukawa ni vumbi na mvuke tu. Dakika tano baadaye wingu lenyewe lilikuwa linachanika kama pamba kuukuu, na jua linatoka. Tulisimama njia panda tunapepesa macho.

"Mtandao umerudi," akasema Kendra. Halafu akaisogeza simu karibu na macho. "Lorna. Lile jingine limegeuka mashariki. Mama yako yuko Hobley, sivyo?"

"Nipe hiyo simu."

Nilitazama ramani nisielewe. Nilitafuta Hobley, sikuiona. Nikaikuza ramani, nikaipunguza, nikaigeuza, na ndipo nikafahamu kwamba sikuiona kwa sababu rangi nyekundu ilikuwa inakaribia kuifunika.

Nikampigia mama. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Iliita mara mbili, ikafa. Mara ya tatu ile sauti ya kike ikaniambia niliyempigia hapatikani.

"Yupo kibarazani," nikasema. "Nimemwambia mimi akae. Virgil, geuza gari!"

"Tukipita huku tunaingia nyuma ya wingu, kwenye mvua ya mawe, hatutaona…"

"Geuza hili gari, mbwa wee!"

Akageuza.

Yaliyofuata sijayapanga vizuri kichwani hata leo. Mvua ilikuja pembeni, si juu. Mawe yakaanza, kwanza madogo, kisha makubwa kama ngumi, kioo cha mbele kikajaa nyufa na Virgil akawa anaendesha ameinamisha shingo apate upenyo wa kuona. Kule kwetu barabara zote zimekatwa kwa miraba, kila maili njia panda, kila njia panda inafanana na iliyopita, ngano huku na ngano huku. Kendra alisema kata kulia, kisha akasema samahani, kushoto, kisha akasema sijui. Mwalimu wa hesabu, anasema sijui! Nimekulia kule, nikakuta sijui mashariki ni wapi. Nilifungua dirisha nione jua liko upande gani, jiwe la barafu likanipiga mkononi.

"Funga dirisha!" wakapiga kelele wote wawili.

Mara mvua ikakatika. Kimya. Tulikuwa tumefika Hobley, na mimi nikauliza, "Hapa ni wapi?"

Virgil alinionyesha kibao cha jina la mji, kimelala barabarani.

Nilishuka nikakimbia. Mtaa wa mama niliupita mara mbili bila kuutambua, maana mti wa kona haukuwepo na kona yenyewe haikuwepo. Nilisimama kwenye rundo la matofali nikaita mama, mama, mpaka Wanda, jirani yake, akatokea kwenye vumbi akiwa peku na kunishika bega.

"Lorna, hapo ni kwangu. Kwa mama yako ni pale."

Pale hapakuwa na kitu. Ngazi tatu za kibarazani, basi.

Nilijua nimemuua. Nasema kama nilivyojisikia: nilijua, nikaketi kwenye zile ngazi tatu. Virgil na Kendra ndio waliokwenda nyuma, wakaondoa bati na nusu ya friji ya mtu juu ya mlango wa handaki, na Kendra akapiga kelele niende.

Mama alikuwa amekaa kule chini, juu ya ndoo, mkoba mapajani, miwani machoni.

"Mmechelewa," akasema. "Mgongo unaniuma."

Niliteremka ngazi zote kumi na mbili nikamkumbatia, nikilia kama mtoto. "Nani alikwambia uingie? Mimi nilikwambia ukae! Simu haikushika!"

"Simu niliisahau jikoni. Wanda aliniwekea ile ramani yenu kwenye kishikwambi, tangu majira ya baridi. Nakuangalia. Mei hii kila siku naona jina lako linazunguka, mara Kansas, mara Texas." Akanifuta damu ya mkononi kwa leso yake. "Leo nikaona limegeuka, linakuja Hobley, linakimbia. Nikashuka."

"Lakini asubuhi nilikwambia kitapita mbali, mama."

"Ulisema. Ila Krismasi hukuja, Lorna. Januari nililazwa, hukuja. Nikaona unakuja." Alisema taratibu, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayenieleza njia. "Nikajua ni kimbunga."

Juu, Virgil alijifanya anakagua bati. Mama akanipa mkono nimwinue, akaniomba nitangulie mbele yake, maana goti la kushoto haliamini.