Mtihani wa Ukutani

Bintiye alikuwa akitazama midomo.

Mama yake alikuwa anasimulia kisa cha jirani aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe, na binti, kijiko kimeganda nusu ya safari, alimkazia macho si kama mtu anayesikiliza bali kama mtu anayesoma. Kisa kilipofika penye kuchekesha alichelewa kidogo, akamtupia jicho kaka yake, ndipo akacheka. Wengine mezani hawakuona neno. Baba mtu aliona, akaweka kijiko chini, kwa sababu mtazamo ule ulikuwa wake. Alikuwa nao miaka nenda miaka rudi bila kumwambia mtu, hata mkewe, ambaye aliamini tu kwamba Mungu kampa mume asiyependa maneno mengi.

Kiwandani walimwita Sikio. Kilikuwa kiwanda cha misumari: ukumbi mrefu wa bati, mashine zimepangwa safu mbili, kila moja ikivuta waya, ikiukata, ikiuchonga ncha na kuugonga kichwa, kwa kelele ambayo mgeni akiingia hujishika kifua kabla hajakumbuka masikio. Mashine zilikuwa na majina. Kulikuwa na Mlevi aliyeyumba, Bibi Harusi asiyetaka kuguswa, na Mama Mkwe, ambaye hajapata kumaliza siku bila kulalamika. Katikati ya vurugu ile Sikio alikuwa akisimama, anainua kidole na kusema Mlevi ana nati inayolegea, wakifungua, wanaikuta. Sifa ikampanda kichwani, na kutokana na sifa ile ikazaliwa desturi.

Kila mfanyakazi mpya alifanyiwa mtihani wa ukutani. Baada ya miezi ya kujifunza masikio wazi, alisimamishwa akielekea ukuta, mashine moja ikalegezwa kwa makusudi, naye aitaje kwa jina. Aliyepatia alikabidhiwa mashine yake. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na mtego: siku ya kwanza kabisa Sikio mwenyewe humletea mgeni vikinga masikio kutoka stoo, kwa upole, huku akimhurumia kwa kelele zile. Mgeni akivipokea, ukumbi mzima huangua kicheko, na jina lake kwa muda mrefu huwa ni Pamba. Hakuna aliyevipokea mara ya pili. Vikinga vilikaa stoo mpaka panya wakaanza kuvitafuna sponji.

Sasa binti huyo, kitinda mimba wake, alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na mtihani wake ulikuwa Ijumaa.

Baada ya chakula alimfuata uani, alikokuwa akianua nguo. Alihakikisha amesimama mahali anapouona uso wake, kisha akamwuliza kama masikio yanamsumbua. Binti akasema ni mlio tu, kama wa mbu aliyefungiwa chupani. Zamani ulikuwa unakoma akilala; siku hizi anaamka nao. Alilisema hilo kwa fahari, maana aliwahi kumsikia baba yake akiwaambia watu kwamba mlio ni salamu za mashine kwa fundi.

"Kesho vaa vikinga," baba akamwambia.

Binti akatabasamu, akamtikisia kidole. "Huo mtego naujua, Baba. Hunipati."

Alimwapia kwamba si mtego. Akaapa tena. Kadiri alivyoapa ndivyo binti alivyozidi kutabasamu, kwa kuwa hata wale wa zamani waliapiwa hivyo hivyo. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemfanya aaminiwe, nalo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: kwamba yeye hasikii. Kwamba kwa muda mrefu sasa huitambua mashine mbovu kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye mashine na kubana mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kwa kutazama mafuta yanavyotetemeka ndani ya kopo, na zaidi ya yote kwa nyuso za wafanyakazi wenyewe, ambao hugeuka kabla yake. Alilimeza neno lile. Aliogopa kwamba akilisema atabaki si kitu.

Kesho yake alifika na boksi zima la vikinga, akavigawa kwa kila mtu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alivivaa magotini, mwingine akampigia saluti. Sikio akawatazama, na kwa mara ya kwanza akawaona: huyu anayefoka hata anapoomba chumvi, yule wa Bibi Harusi aliyeacha kupokea simu siku hizi, yule kijana aliyekuwa mwimbaji na sasa haimbi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wote hao walikuwa watoto wa watu, naye alikuwa amewafungua masikio kwa mikono yake bila kukosa usingizi hata siku moja. Aibu ilimwingia.

Alikwenda kwa msimamizi. Alimwomba mashine zitiwe mpira chini, zifunikwe, watu wapokezane ili wapumzike, na vikinga viwe amri. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hayo yote alishayapendekeza yeye zamani, na kila mara aliyesimama kuyapinga alikuwa fundi wake mwenyewe, eti mashine isiyosikika haitibiki. Kuhusu mipira na vifuniko angejaribu tena. Lakini vikinga, alisema, amri yake watu hao wangeivua mara tu anapotoka ukumbini.

"Ulikataza wewe," alimalizia. "Nenda kakataze kukataza."

Ijumaa binti alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Watu walikusanyika, msimamizi akasimama mlangoni, mashine zote zinanguruma. Binti alipoelekea ukutani, Sikio alimshika mkono, akamrudisha, akasimama yeye mahali pake, pua karibu iguse bati. Alikuwa ameiacha bisibisi juu ya meza, na kila mtu aliiona pale. Akawaambia walegeze yoyote wanayotaka.

Mbele yake palikuwa na ukuta tu. Hakuna kopo la mafuta, hakuna nyuso. Ndani ya kichwa chake palikuwa na mvumo mmoja, mzito, usio na mlango wala dirisha. Aliusikiliza kwa bidii kiasi kwamba jasho lilimwingia machoni. Alitamani hata kuotea tu, abahatishe, aokoke, na akajichukia kwa tamaa hiyo. Kisha akasema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu, "Mama Mkwe."

Hakuna kilichotokea. Baadaye sakafu ikafa chini ya nyayo zake. Akajua wamezizima mashine. Akaendelea kusubiri amri ya kugeuka. Alisubiri, akasubiri, mpaka akachoka, akageuka bila amri.

Bintiye alikuwa amesimama nyuma yake, karibu mno. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kwa jinsi machozi yalivyokuwa yamefika kidevuni, alikuwa akimsemesha kwa muda. Nyuma yake wafanyakazi walikuwa wameduwaa, na mbali nao, Mlevi alikuwa ameinama upande mmoja, bolti yake kubwa ikiwa sakafuni, tena karibu na kisigino cha Sikio ilikobingirikia. Hakuna aliyecheka. Yule kijana mwimbaji ndiye aliyeinama kwanza kwenye boksi la vikinga.

Walimhamishia stoo, kazi yake ikawa kusafisha vikinga na kuvigawa asubuhi. Jina la Sikio likafa lenyewe. Watu waliona tabu kulitamka, na jingine hawakumpa. Mpira ulitiwa chini ya mashine mbili, nyingine zinasubiri. Daktari wa masikio aliwaweka baba na binti viti vilivyokaribiana. Kwa baba hakutoa matumaini. Kwa binti alisema kilichokufa hakichipui tena, ila kilichochoka tu huenda kikaamka kikipumzishwa. Wangoje.

Wakangoja. Baba hakuuliza. Kila jioni alimsubiri langoni, wakarudi nyumbani bega kwa bega, na kila jioni swali lilimpanda mpaka kooni likateremka tena. Mezani hakumtazama tena wakati mama yake anaposimulia, asije akaona asichotaka kuona.

Jioni moja, wakiwa wameshapita ukuta wa kiwanda, uvumilivu ulimwisha. Binti alikuwa amechutama kufunga kamba ya kiatu.

"Ule mlio," akasema. "Bado upo?"

Binti alijibu. Baba aliyaona mabega yake yakitikisika kidogo kwa yale maneno, marefu kuliko ndiyo, marefu kuliko hapana. Lakini uso ulikuwa umeinamia kiatu, na sauti haikumfikia. Alipoinuka alimtazama baba yake, akisubiri neno lake.

Angeweza kumwomba arudie. Angerudia, pole pole, usoni kabisa, kama alivyojizoeza siku hizi. Baba alifungua kinywa.

"Haya," akasema. "Twende, mama yako anatungoja."