Nadhiri Niliyomfungia Relebohile

Nitegulieni hiki: chepesi mdomoni, kizito tumboni. Mkishindwa nipeni mji. Haya, ni nadhiri ya kufunga.

Mjukuu wangu Relebohile alikuwa akimbie mita elfu tatu katika mashindano ya shule za wilaya, hapa kwetu Mokhotlong, milimani Lesotho. Wawili wa kwanza wangechukuliwa na sekondari ya bweni, bure. Njia nyingine ya kusoma hakuwa nayo. Basi nikampigisha magoti, tukaahidi: siku mbili, chakula hakuna, maji hakuna, mpaka fainali iishe. Akina mama wenzangu wa sala walinipongeza sana.

Asubuhi alishinda mchujo. Alipovuka mstari tu, akadondoka kama blanketi lililokatikiwa kamba.

"Umekula nini leo?" mwalimu wake, Thabiso, akamuuliza.

"Neno la Mungu, mwalimu."

"Na maji yake je? Sikiliza, binti. Unakunywa, au nakufuta jina."

Akanitazama mimi. Midomo ilikuwa imempasuka.

Mama Mosa, kiongozi wetu wa sala, akanivuta kando. "Dada, zimebaki saa mbili tu! Shetani huja dakika ya mwisho."

"Na mtoto akinifia?"

"Huyu ana imani. Asiye nayo ni wewe."

Lilinichoma hilo. Kikapuni nilikuwa na uji mchachu wa mtama, uji wangu, maana mimi na dawa zangu za sukari sifungi. Ndipo nikaona nilichofanya: nilimwahidi Mungu tumbo la mwenzangu.

Nikapiga magoti vumbini. "Bwana, kama kuna kofi, nipige mimi." Nikamwinua Relebohile kichwa, nikamsogezea ule uji. "Kunywa."

"Bibi, tuliapa."

"Niliapa mimi. Kunywa, nakusihi."

Akanywa huku analia.

Kwenye fainali aliongoza mizunguko mitano. Wa sita, miguu ikamkataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wasichana wa shule ya jirani wakamzomea: "Tambaa, mtoto! Mama yuko huku!" Akainuka. Alimaliza wa mwisho, waamuzi wakiwa wameshaanza kukunja meza.

Nikamfuata kwenye majani. Hakutaka nimguse.

"Ni ule uji, Bibi. Tulimdanganya Mungu, naye ametunyang'anya."

Nyuma yangu Mama Mosa akaitikia amina, taratibu. Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa uji, na mtoto angeishi akimwogopa Mungu maisha yake yote.

"Hapana, mjukuu wangu. Ni njaa. Mungu hakukuomba ufe njaa. Nilikuomba mimi, nikatumia jina lake."

Alinitazama kama mtu aliyemtambua mwizi wake. Kisha akajizoazoa, akaenda kuketi na mwalimu upande wa pili wa uwanja. Nilitaka kumwita. Badala yake nikaokota kikapu changu, nikabaki upande wangu.