Nusu ya Kwetu

Nilikwenda kutoa damu kifua mbele. Nilitaka daktari aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba ugonjwa wa mjukuu wangu haukutoka upande wetu.

Huyo mjukuu namwita mume wangu. Ana miaka minne, na akipanda ngazi kidogo tu anakaa chini kuhema. Nesi mmoja alituambia kuwa nguvu za mwili hutengenezwa na vitu vinaitwa mitokondria, na mtoto hurithi vya mama peke yake. Basi! Nikapata la kusema. Kutwa nilimwimbia mwanangu: mrudishe mkeo kwao, atakuzalia wagonjwa mpaka lini? Mwishowe akalegea. Mkwe wangu akafunga mabegi yake, tukawa tunangoja majibu tu.

Siku ya majibu tuliingia wote, mtoto akiwa mapajani mwa mama yake. Daktari alianza polepole. Ndani ya mitokondria, alisema, protini hupokezana kazi kama watu wanaopitishiana ndoo nyumba ikiungua. Mmoja akishindwa, maji hayafiki. Mtoto huyu protini yake moja ni mbovu, ndiyo maana misuli inaishiwa nguvu.

"Na mitokondria ni za mama," nikadakia. "Au sivyo, daktari?"

"Ni za mama, ndiyo. Lakini maelekezo ya kutengeneza protini hii hayakai humo. Yanakaa kwenye kiini cha seli, na huko mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Amepata nakala mbovu mbili. Moja ya mama, moja ya baba."

"Baba aliitoa wapi?"

"Kwako, mama. Wewe hukuugua kwa sababu nakala yako ya pili ni nzima."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajitia kutafuta leso kwenye mkoba, na leso ninayo mkononi.

Mwanangu akanigeukia. "Sasa mama, na wewe nikurudishe kwenu?"

"Mwache mama," mkwe wangu akasema. "Hakujua."

Afadhali angenitukana. Nilijua sikujua, na bado nilisema, kila siku, mbele ya mtoto.

Nikanyoosha mikono nimpakate mume wangu, mama yake apumzike. Mtoto akamshika mamake shingo kwa nguvu zote alizonazo.

"Bibi," akaniuliza, "mama anaondoka leo?"