Kasoro za Kinampanda

Mume wangu Mathayo alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimama mezani, jora la kitambaa linapita mbele yake, naye anatafuta kasoro. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, kazi ilibaki kulekule. Kutafuta kasoro tukaondoka nako.

Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kiwanda, na tajiri mpya alitaka tuwe tumetoka kabla ya Krismasi. Tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaja Iramba, alikozaliwa baba yake Mathayo, kutafuta mahali pa kujenga na kulima. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Mwenye akili timamu angeona kwamba tulihitaji mahali tu, basi, tupande kitu ardhini kabla hatujakosa yote mawili, nyumba na mavuno.

Tulianzia Misigiri. Ardhi ipo, watu wakarimu, mabasi yanapita. Mathayo akasema malori yatatunyima usingizi. Tukaenda Kiomboi, kwenye hospitali na shule. Akasema viwanja vimebanana mno, ukipiga chafya jirani anakupa pole.

"Baba Peniel," nilimuuliza, "unataka karibu na watu au mbali na watu?"

"Nataka panapofaa."

Nilitamani kumtwanga na mkoba.

Kinampanda tulifikia kwa binamu yake, Dorkas, mwanamke mchangamfu ambaye hata kwa ugeni wetu wa ghafla hakununa. Alitupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Melkizedeki. Tukampa shikamoo, tukaeleza shida yetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njooni kesho asubuhi mwone ardhi. Tutakuwa kule bondeni, kwa yule mama aliyefiwa."

Asubuhi tulikuta nusu ya kitongoji wanamlimia yule mjane. Wamejipanga mstari mmoja, wanawake kwa wanaume, na yeye mjane anakoroga uji wa mtama chini ya mti. Kando yake yaliegemezwa majembe mawili yasiyo na mtu. Mzee Melkizedeki hakutuonyesha ardhi yoyote. Alitusalimia, akaendelea kulima.

Mimi nimelelewa na wakulima, tena kwetu Shinyanga kazi ya namna hii tunaijua. Nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua jembe moja na kuingia mstarini kando ya Dorkas.

"Pole pole, wifi," alinitania, "usije ukatembea kesho umeshika kiuno."

Nilicheka, na nikashangaa kwamba nimecheka. Tangu tuanze safari ile nilikuwa sijacheka.

Mathayo je? Alizunguka shamba na viatu vyake vya mjini. Alifikicha udongo, akaunusa. Akamfuata mzee wa watu aliyeinama na jembe, maswali juu ya maswali. Kisima kiko mbali kiasi gani? Mteremko huu, mvua haitabeba mbegu? Magari yanafika huku masika? Mzee alimjibu kila kitu bila kuinua mgongo. Mimi nilimkonyeza mume wangu mpaka jicho likachoka. Mwishowe nikaita, "Baba Peniel, shika jembe!"

Akajibu kwa sauti, kila mtu akisikia, "Siwezi kuanza kulima mahali ambapo bado sijajua kama nitahamia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Uji ulipoiva, yeye ndiye aliyepokea kikombe cha kwanza, na akasema unanuka moshi.

Jioni ile, nyumbani kwa Dorkas, alitangaza kwamba amelinganisha kote na Kinampanda ndiyo yenye kasoro chache. Kesho yake tukarudi kwa mzee Melkizedeki, Dorkas akitusindikiza. Mathayo alikaa akakunja nne, akasema, "Mzee, tumeamua kuhamia hapa," kama mtu anayewaletea zawadi.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Sisi tuliamua jana, mwanangu. Mgeni anayetaka kukaa nasi tunamwita siku tunayomlimia mwenzetu. Jembe lake tunamwekea. Mama huyu tumemwona. Tumempa pale juu ya bonde, ajenge na alime, yeye na watoto wake."

"Na mume wake?" aliuliza Dorkas.

"Yeye alisema bado hajajua. Hatukutaka kumharakisha."

Nilishukuru, nikapiga goti, maana niliona watoto wangu wamepata pa kulala. Nilipoinuka nilimwona Mathayo ameinama anatazama viatu vyake. Hakutaja mteremko, hakutaja kisima. Tukatoka mpaka uani.

"Elina," alisema. Hakuwa ameniita jina langu tangu Peniel azaliwe. "Na mimi?"

Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye, na sikujua kipi kilizidi. Kurudi ndani kumwombea kungekuwa rahisi. Maneno nilikuwa nayo, na mzee angenisikiliza.

"Kawaombe mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimeshaombea watoto."