Kidebe cha Nyirinyiri

Usukani wa ndege uligoma nikiwa nimeshawasha injini.

Nisidanganye, nusura niruke bila kuupima. Ardo alikuwa amelala kwenye godoro nyuma yangu, mimba ya miezi minane, damu haikatiki, na kutoka Lafey hadi chumba cha upasuaji Garissa ni saa mbili angani. Nikauvuta usukani. Ukaja kidogo, ukagota. Nikarudia, ukagota palepale. Usipofika kifuani, kibawa cha mkia hakiinuki, na pua ya ndege hainyanyuki. Mwisho wa kiwanja kile ni migunga mitupu.

"Twende, walaal, ndugu yangu," alisema Barre, mumewe, aliyekaa kando yangu. "Mikono yake inapoa."

"Lazima nizime injini."

"Ukizima umemuua."

Niliogopa, tena sana. Shetani akaninong'oneza: ni vumbi hilo, vuta kwa nguvu litaachia. Nikavuta kwa mikono miwili. Huko mkiani kitu kikakwaruza, bati kwa waya. Nikazima.

Barre akanikamata shati. Nikajing'oa, nikazunguka nyuma na kufungua turubai linalotenga mizigo na mkia. Kidebe kilikuwa kimebanwa katikati ya nyaya za usukani. Ndani mlikuwa na nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa na kuzamishwa kwenye samli, chakula cha mama aliyejifungua.

Weris, mama yake Ardo, alikuwa amekipakata kichwa cha bintiye. Asubuhi nilikuwa nimemfokea habari ya uzito: nikiona kitu chochote nyuma ya viti, nakitupa nje. Mdomo wangu huu.

"Ayeyo, bibi yangu, ni wewe uliyekiweka huku?"

"Ulisema usikione," alijibu. "Nikakiweka usipoweza kukiona. Mzazi haendi kwa watu bila chakula chake."

Nilitupa begi langu na maji yangu kiwanjani kufidia uzito, kidebe nikamwekea miguuni pake. Usukani ukaja hadi kifuani, laini kabisa. Bismillahi, tukaruka. Njia nzima sikuacha kuusikilizia mkononi.

Garissa walimshusha Ardo akiwa anapumua. Weris akaifuata machela, kidebe kwapani, kisha akarudi hatua mbili hadi mlangoni pangu.

"Ungeniuliza polepole," alisema, "ningekuonyesha."

Ardo alijifungua msichana kabla ya adhuhuri, wote wawili wazima. Barre alipokuja mbio kunipa habari alinikuta bado kwenye kiti changu, nikiuvuta usukani hadi kifuani na kuuachia.