Kichwa Kilichokaa Mahali pa Kolm

Tegueni kitendawili hiki kwanza, wajukuu zangu: nyumba yangu imejaa watu, haitoi moshi, na kila aingiaye huingia kwa magoti. Mmekipata upesi, maana mnaiona kila mnapochunga ng'ombe, ile nyumba ya mawe ya wafu wetu kilimani, juu ya shamba la shayiri. Basi niwaeleze jinsi nilivyomwingiza mle mtu asiye wa mle, na nilichotoa baadaye.

Kolm, mume wangu, alikufa majira ya mayai. Alishuka gengeni kwa kamba kutafuta mayai ya ndege, yeye na mgeni wetu mmoja aliyetoka kisiwa cha pili kuja kubadilishana mashoka ya mawe. Mgeni hakuwa na kazi siku hiyo, akasema atamsaidia. Kamba ilikuwa moja. Ikakatika.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mnajua desturi: kila maiti hulazwa juu ya kichanja chake, tai wa baharini wamsafishe, na mifupa ikishakuwa myeupe ndipo aingizwe kwa wenzake. Mgeni alistahili kichanja chake peke yake, ng'ambo ya kilima. Lakini mvua ilikuwa inatupiga na wanaume walikuwa hoi kwa kubeba. Nikasema mimi, "Walazeni pamoja."

Harro, shemeji yangu, akanitazama. "Shemeji, una hakika?"

"Nina hakika na hii mvua," nikamjibu.

Wakacheka kidogo, maana siku ya msiba mtu hushika chochote cha kuchekea. Wakawalaza pamoja.

Kiangazi nikajifungua mtoto wa kike. Mavuno yalipofika tukaenda kuchukua mifupa. Kichwa huokotwa na mjane mwenyewe, mwingine hakigusi. Chini ya kichanja vilikuwepo vichwa viwili, vimebingirika kwenye majani. Kolm alikuwa na jino la mbele lililovunjika. Nikaona kichwa chenye jino lililovunjika, nikakikumbatia. Cha pili sikukiangalia. Kikafungwa kwenye ngozi na mifupa mingine, kikapelekwa kwao kwa mtumbwi.

Kwetu mtoto hapewi jina na walio hai. Siku iliyo fupi kuliko zote, jua linalozama huingia mlangoni mwa nyumba ya mawe, likapita ujia wote mpaka ukuta wa ndani. Hapo mkubwa wa nyumba huingia, akamwita mtu wao aliyekufa karibuni, na jina la kwanza litakalomfikia sikioni ndilo la mtoto. Mtoto anayepitisha baridi yake ya kwanza bila jina si mtu wa nyumba ile. Akifa hutupwa ufukweni pamoja na maganda ya kombe. Basi nilikuwa nanyonyesha huku nahesabu siku.

Zilikuwa zimebaki sita. Mama mkwe wangu, Sevet, alisukumiwa jiwe la mlango, akaingia kuwapelekea wafu maziwa kama kawaida yake. Akatoka na bakuli lililojaa vilevile.

"Irdu, nani ameingia mle?"

"Hakuna, mama. Lile jiwe la mlangoni halisukumwi na mtu mmoja."

"Basi wamegeuka wenyewe."

Vichwa vyote vilivyopangwa kwenye rafu ya mawe, babu zake Kolm na shangazi zake, vilikuwa vimeelekea ukutani. Cha Kolm peke yake ndicho kilichotazama mlango.

"Fisi maji huyo, mla samaki," Harro akasema. "Ameingia kutafuta joto."

"Fisi maji gani anamgeuza babu yako na samaki tuliyemwekea hamgusi?"

Sevet akavirudisha kimoja kimoja, huku anawaomba radhi. Kesho yake vilikuwa vimegeuka tena. Siku ya tatu akaniambia, "Leo ingia wewe. Ni mumeo. Kamuulize amewakosea nini."

Nikaingia. Hata mchana mle ndani ni giza, na taa yangu ya mafuta ya kondoo ilizimika kabla sijafika katikati ya ujia. Nikaendelea kwa kupapasa. Nilipofika chumbani nilikuta kimya, lakini kile kimya cha watu waliokuwa wanaongea, kisha anayesengenywa akatokea.

Nikakichukua kile kichwa nikakipakata. Miaka sita nilimtoa Kolm chawa. Alikuwa ananilalia mapajani mpaka anasinzia, na vidole vyangu vilikijua kichwa chake kuliko macho yangu. Nyuma ya sikio la kulia alikuwa na kinundu, kidogo kama punje ya shayiri. Nikakitafuta. Palikuwa laini. Nikatafuta kushoto. Laini.

Nilitaka kukiweka chini, kikawa kizito. Kilikuwa kizito kama cha mtu anayesinzia, aliyechoka kukaa na watu asiowajua, halafu amepata mtu wa kumshika. Nikakaa nacho hivyo, sijui kwa muda gani. Nilipotoka magoti yalikuwa yanavuja damu.

"Si yeye," nikasema.

Mama Sevet hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru.

"Niliangalia jino, mama."

"Walianguka gengeni wote wawili, mwanangu. Nani angebaki na meno?"

Siku mbili bahari haikukubali tuvuke kumrudisha mgeni kwao. Ya mwisho, alfajiri, Harro akauteremsha mtumbwi wa ngozi majini. Nikapanda na mtoto kifuani na kile kichwa mapajani.

"Tukizama, shemeji," akasema, "samaki nao watakuwa na kazi ya kututenganisha."

"Wewe piga kasia."

Kwenye ufuko wa kisiwa cha pili kulikuwa na kikongwe ameketi juu ya jiwe, amepakata furushi. Upepo ulikuwa unakata masikio, naye alikaa kama mtu aliyeota moto.

"Mmechelewa," akasema.

"Ulijua tunakuja, bibi?"

"Wa kwetu wanatazama ukuta tangu mavuno. Mwanzo tukasema ni fisi maji."

Harro akaangalia miguu yake.

"Na huyu wenu anaongea," yule kikongwe akaendelea. "Jua likizama tu, anataja jina. Hilo hilo moja. Tumekuwa tukiziba masikio, maana si letu kulisikia."

Nikafungua furushi, nikapeleka kidole nyuma ya sikio la kulia. Kinundu kilikuwepo. Kikongwe akachukua cha kwake, akakipangusa kwa kiganja, akaanza kukigombeza. "Umekwenda kwa siku tatu, unarudi majira ya baridi. Mkeo ameshaolewa, shauri yako."

Tulifika kwetu jua likiwa jekundu, limekaribia maji. Watu wote walikuwa mlangoni pa nyumba ya mawe. Sevet akampokea mwanawe, akaingia naye kwa magoti. Mwanga ukaingia nyuma yake, ukatambaa kwenye ujia kama maji yanayopanda, ukafika ukutani, ukakaa. Kisha ukaondoka. Yeye hakutoka.

Alipotoka uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Amesema?" Harro akauliza.

"Amesema."

"Jina gani?"

Mama Sevet alinitazama mimi. "Irdu."

Jina moja halivaliwi na watu wawili walio hai. Labda Kolm hakuwa anampa mtoto kitu. Labda miezi yote ile, kwenye nyumba ya watu, alikuwa ananiita mimi tu, nije nimchukue. Lakini jina la kwanza ni jina la kwanza.

Sevet akanisogelea sikioni. "Naweza kuwaambia nilikosea. Kwamba hakusema kitu."

"Na mtoto?"

Akageuka kuangalia ufukweni. Nikamkabidhi mtoto. "Mwite, mama."

Akamwita kwa sauti, mara tatu, watu wote wakisikia. Mtoto akageuza kichwa, akamtazama. Mimi nilingoja kuhisi kitu. Sikuhisi. Jina lilinipita kama upepo unavyoupita mti wa kufungia ng'ombe.

Mtu mzima aliyetoa jina lake huhesabiwa na wafu, upande wa nyumba ya mawe. Ndiyo maana mimi ndiye ninayeifagia, mimi ndiye ninayeokota mifupa ya kila mtu, na vichwa navijua vyote kwa vidole. Njiani watu wazima hawanisemeshi nisipoanza mimi. Siwalaumu.

Mama yenu huja kila adhuhuri. Huweka bakuli juu ya jiwe bapa la mlangoni, pale wanapowekewa wale wengine, na hasemi ni la nani. Husimama kidogo, halafu huteremka kilima. Mimi hungoja mpaka afike kwenye shamba, ndipo nakula. Ni uji wa shayiri, na huwa bado una moto.